SOMO LA UFUNDI: KABLE ZA REZO KATIKA NYUMBA ZA KAZI



Wanafunzi wa madarasa ya juu wametuuliza: namna gani ordinatere za biro moja zinasemezana? Na kwa nini rezo ya biro fulani inakufa kila wiki, lakini ile ya jirani inadumu miaka? Tumeona vizuri kuandika somo zima juu ya jambo hilo. Musome polepole, mukiwa na kalamu na kaye karibu, kwa sababu kuko hesabu ndani.

1. KWA NINI SOMO HILI LINATUHUSU

Munajua historia ya mji wetu. Kuanzia mwaka 2005 meli zilirudisha ndugu zetu waliokuwa wakimbizi Tanzania, kutoka Kigoma mpaka bandari ya Baraka. Mashirika ya msaada yakafungua biro. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi wakapokelewa Lusenda, na biro zingine zikafunguliwa. Leo ordinatere ziko hospitali, ziko kwenye nyumba za kuwekea pesa, ziko shuleni, ziko hata kwa mwenye duka la simu.

Lakini mashirika yanakuja na yanaenda. Nyumba inabaki, na kable zinabaki ukutani.

Siku moja tuliitwa katika biro moja, hapa hapa Baraka, ambayo watu wapya walikuwa wamepanga. Tulikuta kabati limejaa kable, zaidi ya 40, zote rangi moja, bila jina hata moja. Fundi aliyezivuta alikuwa amekwisha kurudi kwake mbali. Wenyeji walikata moja waliyofikiri imekufa, kumbe ni ile ya ordinatere ya watu wa mishahara. Tulitumika siku mbili, mmoja akivuta huku, mwingine akiangalia kule nini inatikisika. Kable zenyewe zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kipande cha karatasi.

Hilo ndilo jambo tunalotaka mulishike katika somo hili: kable inawekwa kwa ajili ya yule atakayekuja nyuma yetu. Fundi anayeweka siri kichwani mwake hajamaliza kazi.

2. KANUNI ILITOKA WAPI

Zamani kila kampuni iliyotengeneza ordinatere ilikuwa na kable yake. Ukibadilisha mashini, unabomoa ukuta na kuvuta upya. Simu nayo ilikuwa na waya zake peke yake. Watu walichoka na hasara ile. Katika mwaka 1991 mafundi na makampuni ya Marekani walitoa kanuni moja inayoitwa TIA/EIA 568. Mwaka 1995 ikatoka ile ya mataifa yote, ISO/IEC 11801. Kanuni hizo zimetengenezwa upya mara nyingi, lakini wazo lao halikubadilika.

Wazo ni hili: tuweke kable katika nyumba nzima kwa mpango mmoja, hata kama hatujajua ni mashini gani zitakuja. Anayejenga nyumba anaweka milango na madirisha bila kujua nani atalala chumba gani. Ni vilevile. Walioandika kanuni walitaka kable zidumu zaidi ya miaka 10. Hesabuni wenyewe: katika muda huo ordinatere zinaweza kubadilishwa mara mbili ao tatu, na mwenye kupanga nyumba pia.

3. SEHEMU SITA ZA REZO

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Na rezo iko na viungo vyake, kila kimoja na kazi yake:

(a) Mlango wa kuingilia: mahali ambapo kable ya nje, ao ile ya sahani ya satelaiti, inaingia nyumbani.
(b) Chumba cha mashini: makao ya mashini kubwa, betri zake, na ile mashini inayoleta intaneti.
(c) Uti wa mgongo: kable inayounganisha orofa na orofa, ao nyumba na nyumba.
(d) Kabati la orofa: ndani yake muko swichi, na ubao wa kuunganishia ambao kable zote za vyumba zinaishia.
(e) Kable za vyumba: zinatoka kwenye kabati mpaka prize ya ukutani. Hizi ndizo nyingi kuliko zote.
(f) Mahali pa mtumikaji: meza, ordinatere, na kable fupi inayotoka prize mpaka mashini.

Katika nyumba zetu nyingi za Baraka na Fizi hakuna orofa, kwa hiyo (b) na (d) zinaweza kukaa pamoja katika kabati moja. Hakuna ubaya.

Kanuni kubwa ya (e): kila prize iko na kable yake peke yake, nzima, bila kiungo, kutoka kabati mpaka ukuta. Musiunganishe kable mbili katikati kwa mpira wa kubandika, sawa vile wengine wanafanya na waya za taa. Na kila mahali pa mtumikaji paweke prize mbili, hata kama leo anaomba moja. Kuchimba ukuta mara ya pili ni gharama kuliko kable yenyewe.

4. NDANI YA KABLE MUKO NINI

Chukueni kipande, muchane ngozi yake ya nje. Mutakuta waya 8 za shaba, zimesokotwa mbili mbili: jozi ya bluu, ya chungwa, ya kijani na ya kahawia. Katika kila jozi waya moja iko na rangi nzima, na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi ile.

Kwa nini kusokota? Alexander Graham Bell, yule wa simu, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1881. Fikirini wavuvi wawili wamesimama katika mtumbwi mmoja ziwani. Wimbi linakuja, linawainua wote wawili pamoja. Mtu aliye pwani anayeangalia tu nani mrefu kuliko mwenzake hadanganyiki: tofauti kati yao ni ileile. Waya mbili zilizosokotwa ni wale wavuvi. Kelele ya umeme ikipita karibu, inagusa zote mbili sawasawa. Mashini ya upande wa pili inasoma tofauti tu kati ya waya na mwenzake, basi kelele inapotea.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kuingiza waya katika fishi ao prize, musifumue jozi sana. Kanuni inaruhusu milimetre 13 tu. Ni kama upana wa kidole kidogo. Fundi anayefumua sentimetre tano juu ya urahisi wa mikono yake amewatoa wavuvi katika mtumbwi mmoja.

Kable zimepewa daraja. Daraja 5e inapitisha gigabiti 1 kwa sekunde mpaka metre 100, na hiyo inatosha kwa biro nyingi. Daraja 6 inaweza kufika gigabiti 10, lakini si zaidi ya metre 55, na panapokuwa na kable nyingi zimebanana inapungua tena.

Neno la kujihadhari: sokoni kuko kable za bei ndogo ambazo waya yake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Nchi yetu inatoa shaba Katanga, kisha sisi tunauziwa alumini kwa jina la shaba! Kanuni hazikubali waya hiyo. Inavunjika upesi, na inapata moto ikipitisha umeme wa kulisha mashini. Munaijua namna hii: kartoni yake ni nyepesi, na ukiparuza waya kwa wembe, rangi nyeupe inatokea ndani. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka katikati.

5. MPANGO WA RANGI

Kuko mipango miwili, A na B. Yote miwili ni mizuri. Ubaya ni kuichanganya katika nyumba moja. Huu ni mpango B, muukariri. Shikeni fishi, ulimi wake ukiangalia chini, matundu ya kuingizia waya yakiwaelekea, muhesabu kutoka kushoto:

1. nyeupe ya chungwa
2. chungwa
3. nyeupe ya kijani
4. bluu
5. nyeupe ya bluu
6. kijani
7. nyeupe ya kahawia
8. kahawia

Muangalie namba 3 na 6: ndiyo jozi ya kijani, na bluu imekaa katikati yao. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Fundi asiyefundishwa anasema: «Rangi si kitu, bora zifanane pande zote mbili.» Anapanga jozi moja moja kwa mstari. Anapima kwa kile chombo kidogo cha taa nane; taa zote zinawaka kwa utaratibu; anapokea pesa zake na kuaga. Lakini waya ya 3 na ya 6 sasa zimetoka katika jozi mbili mbalimbali. Hazikusokotwa pamoja. Kable fupi inaweza kutumika hivyo. Kable ndefu inakatika-katika, na watu wanalaumu intaneti. Taa inasema waya imefika. Haisemi kama waya iko na mwenzake wa kweli.

Tena kuko kosa lingine linalojificha. Rezo ya zamani ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, waya 1, 2, 3 na 6. Ile ya gigabiti inataka zote nne. Ikiwa waya ya bluu imekatika, mashini nyingi zinarudi chini kimya kimya mpaka megabiti 100, na mwenye biro hajui kama amelipa nane akapewa nne.

6. METRE MIA MOJA

Kutoka swichi mpaka ordinatere, njia yote isipite metre 100. Tunaigawa hivi: metre 90 ni kable iliyolala ukutani ao juu ya plafo, na metre 10 ni zile kable fupi za pande mbili zikiwekwa pamoja. Musijaribu 120 kwa kusema «inatumika tu». Inaweza kutumika leo na kukataa kesho mashini ikibadilishwa. Nyumba ikiwa ndefu kuliko hapo, tunaweka kabati la pili katikati.

Katika kuvuta, musikunje kable kwa kona kali. Mviringo wa kona uwe angalau mara nne ya unene wa kable. Musivute kwa nguvu ya kuvuta mbuzi. Mwisho wake ni kama uzito wa kilo 11. Musikaze vifungo mpaka ngozi ibonyee. Mipira ya baiskeli iliyochanwa, ikifungwa kwa ulegevu, ni bora kuliko plastiki iliyokazwa.

7. HESABU YA KARTONI

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Na sisi tukae.

Kartoni moja ya kable kwa kawaida iko na metre 305. Tuseme nyumba inataka prize 17. Ya karibu na kabati inapimwa metre 12 ya njia, ya mbali metre 46.

Katikati yake: (12 + 46) ÷ 2 = metre 29.
Tuongeze sehemu moja ya kumi kwa kona na makosa: 31,9.
Tuongeze metre 3 za kubaki ndani ya kabati na ukutani: 34,9. Tuseme 35.

Mwanafunzi wa haraka anasema: 17 × 35 = metre 595; kartoni mbili ni metre 610; zinatosha. Hapana! Tumesema kable haiunganishwi. Katika kartoni moja, 305 ÷ 35 inatoa 8, na mabaki metre 25. Kartoni mbili ni kable 16. Ya 17 inakosa, ingawa metre 50 zimebaki mkononi kwa vipande viwili.

Namna ya kuokoka ni kuvuta kwanza prize za mbali na kuacha za karibu mwisho, ili mabaki yapate kazi. Lakini katika barua ya kuomba pesa, andikeni kartoni tatu. Kutoka Fizi kwenda kutafuta kartoni moja Uvira ao Bukavu si safari ya asubuhi moja.

8. ADUI WA KABLE KATIKA NCHI YETU

Umeme. Musipitishe kable ya rezo katika tiyo moja na waya za umeme, hata siku moja. Zikitembea pamoja, sisi tunaacha nafasi ya sentimetre 20 angalau. Zikikutana, zipishane kama msalaba.

Radi. Mashariki ya Kongo ni kati ya mahali penye radi nyingi kupita zote duniani. Wataalamu waliohesabu kwa satelaiti waliandika hivyo mwaka 2016. Hatari kubwa ni kable ya shaba inayotoka nyumba moja kwenda nyingine, hewani ao chini ya udongo. Radi ikipiga karibu, udongo wa nyumba moja na wa nyingine haubaki na nguvu sawa, na ile tofauti inapita katika kable yenu mpaka mashini za pande zote. Kati ya nyumba na nyumba tuweke fibra, ule uzi wa kioo unaopitisha nuru. Kioo hakipitishi umeme. Muchague fibra isiyo na waya wa chuma ndani yake. Na kabati liungwe na waya wa udongo wa nyumba, si msumari wake peke yake.

Maji. Mwaka 2024 tuliona maji ya Tanganyika yakipanda na kuingia katika nyumba za pwani. Chumba cha mashini kisiwe upande wa chini, na kabati lisikae sakafuni. Litundikeni ukutani.

Panya na mchwa. Tiyo zizibwe mwisho. Kabati si ghala ya mihogo wala ya karatasi za zamani.

Wengine wataandika kwetu: «Lakini sasa kuko Wi-Fi, kable za nini?» Ndiyo, simu haiitaji kable. Lakini ile antena ya Wi-Fi iliyo juu ya plafo inaunganishwa na nini? Na kable. Tena tangu mwaka 2003 kuko kanuni ya kupitisha umeme kidogo, mpaka wati 15,4, katika kable ileile ya rezo. Panapotumika panelo za jua hiyo ni baraka: betri moja katika kabati inalisha antena zote za nyumba, bila prize ya umeme juu ya plafo.

9. KUANDIKA MAJINA

Sasa tumefika pale tulipoanzia. Kila kable iandikwe jina lilelile pande zote mbili, na jina hilo kwenye prize na kwenye ubao wa kabati. Tunashauri namna hii: herufi ya kabati, namba ya chumba, namba ya prize. A-04-2 maana yake kabati A, chumba cha nne, prize ya pili. Musiandike «prefe» ao «kasha la pesa», kwa sababu watu wanahama vyumba. Namba haihami.

Kisha chora ramani ya nyumba, tia majina, andika urefu wa kila kable, tarehe, na mpango wa rangi, A ao B. Nakala moja ikae ndani ya mlango wa kabati katika plastiki, nyingine kwa mwenye nyumba. Si kwa fundi peke yake.

Wengine wanafikiri ramani inamnyanganya fundi mkate, kwamba hawatamuita tena. Sisi tumeona kinyume. Yule wa kable 40 bila majina hakuitwa tena na mtu. Fundi anayeacha kazi inayosomeka, jina lake linatembea mbele yake. Na kwa ninyi wanafunzi: kila mara biro ya hapa inapoagiza mtu kutoka mbali kwa kazi ya fishi na rangi nane, ni kazi ya mtoto wa Fizi iliyopita barabarani. Haiombi nguvu nyingi. Inaomba kipimo, utaratibu na uaminifu mahali ambapo hakuna anayeangalia, juu ya plafo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini waya zimesokotwa mbili mbili? Elezeni kwa mfano wenu, si kwa ule wa wavuvi.
2. Taa nane zote zinawaka, lakini kable ya metre 60 inakatika-katika. Tajeni kosa linaloweza kuwa.
3. Prize ya karibu ni metre 20, ya mbali ni metre 70, na prize zote ni 20. Kartoni ngapi?
4. Biro na depo yake ziko metre 40 kati yao. Mutaweka kable gani, na kwa nini?
5. Kazi ya mikono: mupime madarasa yetu kwa kamba yenye mafundo ya metre moja, muchore ramani, na muchague mahali pa kabati. Muandike sababu.

Majibu ya 1 mpaka 4 yatatoka katika toleo lijalo. Ramani tatu zilizo wazi kuliko zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na jina la mchoraji litaandikwa chini yake.